Matundu matatu kwenye mkanda

Siku ya tatu tangu nifike nyumbani Bukoba, Desemba iliyopita, natoka kuoga nakuta mama kakaa kwenye kigoda pembeni ya beseni anafua suruali yangu. Nilishamwambia aache nitafua mwenyewe, nina miaka 43 jamani, lakini mama yangu ukimwambia acha ndo kwanza anaongeza sabuni. Mkanda alikuwa kautoa kaulaza mapajani, na kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya matundu. Sio yale ya kiwandani. Yale matatu niliyotoboa mwenyewe Dar kwa msumari niliouchoma kwenye jiko la gesi, la kwanza mwezi wa saba, la pili wa tisa, la mwisho wiki mbili kabla ya safari.

Akaingiza ncha ya kidole kwenye lile la mwisho, kama mtu anapima kitu.

Aliponiona akaukunja, akainuka, akautundika kwenye msumari wa mlangoni, akaniuliza maji ya kuoga yalikuwa ya moto?

Nikamwambia yalikuwa ya moto mama.

Hakuna kingine kilichosemwa mpaka usiku. Tumeshakula, Ma mdogo kaenda kwake, watoto wa dada wamelala, mama akasogeza kigoda chake karibu na changu akaniuliza kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya kanisani: "Baba, dawa unameza kwa wakati?"

Nikashtuka. Nikajua tayari, mke wangu kamwambia habari za sukari. Nikamjibu nameza mama, asubuhi na jioni, siruki hata siku moja.

Akafumba macho kidogo.

"Basi. Siku hizi watu wanaishi."

Nikamwambia wanaishi mama, tena miaka mingi tu. Nikaenda kulala moyo mweupe kabisa, nimefurahi kwamba hatimaye mama anajua na wala hajalia.

Nilichokiongea usiku ule nimekuja kukielewa siku nne baadaye nikiwa kwenye basi narudi Dar, tumeshaipita Kahama, abiria wote wamelala, mimi usingizi ukakata ghafla kama mtu kanimwagia maji.

Mama hakuwa anaongelea sukari.

Huku Dar ilivyokuwa

Nitaenda haraka hapa maana hadithi za vipimo zote zinafanana. Machi mwaka jana kazini walituletea watu wa kupima afya bure, nikaenda kwa kuwa kulikuwa na fulana. Sukari kabla ya kula ikasoma 9.1. Nikarudia hospitali, bado juu, wakachukua na kile kipimo kinachoangalia miezi mitatu nyuma, kikaja 7.6 wakati ukifika 6.5 tu unahesabiwa mgonjwa. Kilo zangu 98, na urefu wenyewe sio wa kutisha. Daktari alikuwa binti mdogo tu, akaniangalia akasema kaka, hapa tuna kazi. Akaniandikia metformin 500, asubuhi na jioni.

Usiku ule sikulala, nikawa nasoma kwenye simu. Nikakutana na utafiti wa Uingereza uliotoka 2017, wanauita DiRECT, waliwachukua watu wenye sukari ya ukubwani ambao hawajakaa nayo miaka mingi wakawabana chakula kwelikweli, na baada ya mwaka, wale walioshusha kilo 15 na zaidi, 86 kati ya kila 100 sukari ilirudi chini bila dawa. Hiyo namba 15 ikaniingia kichwani ikakaa.

Nikaanza. Saa kumi na moja alfajiri natoka Kimara natembea mpaka Ubungo narudi. Ugali saizi ya ngumi. Soda basi, chapati basi, bia zangu tano za Ijumaa basi, chipsi mayai ndo usiniambie. Mpaka Desemba nilikuwa 83.

Na sikumwambia mtu.

Hapa ndo nataka niseme ukweli, maana watu huwa tunasema "sikutaka kuwapa presha familia", maneno mazuri hayo. Ukweli ni kwamba kila mwanaume aliyewahi kukaa kijiweni anajua utani unaotembea kuhusu wanaume wenye sukari na mambo ya chumbani. Niliucheka huo utani miaka mingi. Sasa umwambie nani? Mke? Kuanzia siku hiyo kila usiku ukichoka ana jibu lake tayari. Nikaona heri nipambane kimya, nikishashinda ndo niseme.

Vidonge nikavibandua kwenye pakiti zake nikaviweka kwenye kopo tupu la vitamini, mtu akiuliza ni vitamini.

Nilijiona mjanja sana kwa lile kopo.

Ijumaa

Wa kwanza kuondoka walikuwa wa kijiweni, au mimi ndo niliondoka, mpaka leo hatujakubaliana.

Tulikuwa watano, miaka tisa, kila Ijumaa, baa ileile meza ileile chini ya mwembe, kitimoto kilo mbili na ndizi za kuchoma, pilipili ya kwao inatoa machozi. Mwezi wa kwanza tangu nianze kujibana niliendelea kwenda, naagiza maji makubwa. Wakatania weee, sijui nimekuwa mlokole, sijui nakunywa vidonge gani, ikapita. Mwezi wa pili utani ukaisha na kukawa na kitu kingine ambacho sikuweza kukipa jina, mtu anaanza stori halafu anaikatisha, kicheko kinachelewa. Mwezi wa tatu jamaa mmoja tunamwita Chifu anafungua soda yake, (yeye hanywi bia, ni mtu wa soda na nyama), nikamwambia Chifu unajua hiyo chupa ina sukari karibu vijiko vya chai tisa?

Akaiweka mezani.

"Kaka, sio kwamba umeacha bia. Tatizo unatuangalia."

Nikabisha sana. Nikasema mimi simuangalii mtu, kila mtu na maisha yake. Lakini njiani narudi nikahesabu, na niliweza kuhesabu kila mtu kala vipande vingapi jioni ile. Unaona? Nilikuwa nahesabu. Na sikuwa nawahesabia kwa kuwaonea huruma, bali kwa uchu. Ile harufu ya mafuta ya nguruwe inadondokea mkaa halafu wewe umeshika maji, unatafuta kosa la wanaokula ili njaa yako ionekane ni akili.

Kitu kingine nilikigundua baadaye sana. Ijumaa ile ilikuwa ni deni linalozunguka. Leo raundi yangu, kesho yako, huyu hana tunambeba, mwisho wa mwezi atatubeba. Hakuna aliyewahi kuandika popote ila kila mmoja alikuwa anajua nani anamdai nani, na lile deni ndo lilikuwa linatuita wiki inayofuata. Mimi wa maji ya shilingi elfu moja simdai mtu na mtu hanidai. Sasa mtu ambaye humdai na hakudai anakuwa nani kwako? Ni mteja wa meza ya jirani tu.

Kuna siku nikaona kwenye status ya mmoja wao picha ya meza, wanne, wanacheka. Nikajua kumbe kuna grupu jingine la WhatsApp.

Iliniuma kuliko nilivyotegemea, kwa mtu niliyejisifu kwamba nimejikomboa.

"Unajipendezesha kwa nani?"

Mke wangu mwanzoni alifurahi. Alisema Baba Koku tumbo linapungua, safi. Kilo ya tano, ya sita, anafurahi. Kufika ya nane akaanza kuniangalia kwa pembeni.

Na ukiweka vitu vyote pamoja, hata mimi ningejishuku. Mwanaume wa miaka arobaini na kitu ghafla anaamka alfajiri kutoka na simu, hali usiku, kapungua, kanunua mashati mapya mawili kwa kuwa ya zamani yanamning'inia kama kavaa ya kaka yake, anakaa na siri na ana kopo halielezeki. Siku moja napiga pasi shati akaniuliza, bila hasira, anachambua mchele: "Hivi unajipendezesha kwa nani?"

Nikasema kwa nani tena, najipenda tu.

Hilo jibu sijui nililitoa wapi. "Najipenda tu." Nakumbuka alivyoendelea kuchambua, kokoto moja moja anarusha mlangoni.

Kumbe alikuwa ananifuata. Nimekuja kujua baadaye, alinifuata kwa bajaji mara mbili, kajifunika khanga, mpaka Ubungo. Alitegemea kuona nyumba ndogo. Akaniona natembea tu, peke yangu, pembeni ya barabara na magari ya mchanga yananipita, nahema, nafuta jasho, nageuza narudi. Akasema, "Hapo ndo niliogopa zaidi."

Agosti nikamwambia. Sikumwambia kwa ushujaa, alilikuta kopo akaliweka mezani katikati ya sahani yangu na ya kwake, hakulifungua, akakaa. Watoto walikuwa wameshalala. Nikasema yote, 9.1, 7.6, binti daktari, hata ile sababu ya kijinga. Nilitegemea kulia, au kunikumbatia, sijui, nilishajichezea sinema kichwani.

Akakaa kimya muda. Halafu: "Ingekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia."

Nikasema mama Koku lakini mimi naumwa, sikukosea.

"Miezi mitano mimi nakupikia. Ulikuwa unaniangalia nakuwekea wali mwingi, unaniangalia naudhika unapobakiza, na unajua kwa nini unabakiza."

Na hapo akanitolea la pili ambalo sikuwa nalijua kabisa. Kwenye send-off ya binti wa shangazi yangu mwezi wa saba, dada zangu walimuweka kona wakamuuliza wifi, mbona kaka yetu anakwisha, humpi chakula? Au kuna kitu umeleta ndani? Kuna kitu umeleta ndani. Mbele ya watu. Yeye akacheka akasema kazi nyingi tu wifi zangu, akaenda chooni akakaa huko mpaka keki ikakatwa. Mimi nilikuwa ukumbini nasifiwa na watu jinsi suti ilivyonikaa.

Kwa hiyo kilo nilikuwa napunguza mimi, maneno anabeba yeye. Na nilikuwa sijui, na sijui ni mangapi mengine sijui.

Tumeelewana, ndo. Kipimo cha sukari anacho yeye, kipo kwenye droo yake, kila asubuhi naambiwa nitoe kidole. Kuna siku najisikia kupendwa na kuna siku najisikia niko chini ya ulinzi, na sijapata bado namna ya kulisema hilo la pili bila kuonekana sina shukrani.

Kukonda

Turudi kwenye basi.

Aliyekulia Kagera miaka ile hahitaji kuelezwa neno "amekonda". Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu, 1983. Kabla watu hawajajua jina lenyewe waliuita Juliana, kutokana na vitambaa vya bei vya jina hilo vilivyokuwa vinakuja kwa magendo kutoka Uganda, na wenzetu ng'ambo ya mpaka wao walikuwa wanasema slim, yaani mwembamba. Baadaye ndo yakaja haya mengine ya nchi nzima, ngoma, miwaya, fulani kakanyaga waya. Majina mengi namna hiyo kwa kitu kimoja, na kwenye mji wenye msiba wenyewe hakuna hata moja linalotamkwa. Nyumbani kwetu tunazikana kwenye kibanja, katikati ya migomba. Kuna vibanja pale kwetu ukienda kukata ndizi unaruka makaburi.

Baba yangu alifariki 1992. Nilikuwa na miaka kumi. Alikuwa dereva wa lori la kahawa, mtu mkubwa, mabega haya. Tuliambiwa malaria, halafu tukaambiwa tumbo, halafu kuna mtu akatajwa kwamba kamroga, halafu tukaacha kuambiwa.

Na alikuwa na mkanda wa kahawia.

Hili nilikuwa nimelisahau. Naapa nilikuwa nimelisahau kabisa mpaka kwenye lile basi saa saba usiku. Baba alikuwa anatoboa matundu mapya kwenye mkanda wake kwa msumari uliochomwa kwenye mkaa, jioni, uani, mama akiwa amesimama mlangoni, na mtoto wa kushika tochi nilikuwa mimi. Nikasikia na ile harufu, ngozi inayoungua. Nimekaa jikoni kwangu Kimara mara tatu naunguza mkanda kwa msumari, nafurahi, napiga na picha namtumia binti daktari, na harufu ni ileile, na kichwa changu hakikuniambia kitu.

Mama yeye hakusahau. Amenipokea Desemba nimepungua kilo 15, akanikaribisha vizuri tu, akachinja kuku, akakaanga senene, na siku ya tatu akafua suruali yangu akakuta mkanda wa mume wake.

Halafu kuna kopo. Nikakumbuka kwamba kila asubuhi pale nyumbani nilikuwa nalitoa begini, na lile kopo lina sauti. Vidonge visivyo na pakiti, kwenye kopo la plastiki, chakacha chakacha. Sehemu kama kwetu sauti hiyo watu wanaijua, kuna wanaoviringishia makopo yao ya dawa pamba ndani ili jirani kwenye daladala asisikie. Mama analala chumba cha pili na ukuta haujafika juu.

Kwa hiyo alikuwa na mkanda, ana kopo, na mimi mwenyewe kwa mdomo wangu nikamthibitishia. Nameza mama, asubuhi na jioni. Wanaishi mama, miaka mingi tu.

Wiki zote hizi

Ungeniuliza, si ungepiga simu tu siku ileile? Ndo swali lililonikaa tangu Januari mpaka nimeamua kuandika.

Kwanza unasemaje. Mama, mimi sina. Kila aliyekuwa nao alisema hana. Baba alisema hana. Mama yangu ameshaambiwa "sina" na mtu aliyemzika miezi minne baadaye, na mimi nimpigie simu kutoka Dar nimwambie sina, nina kingine. Ningekuwa namthibitishia mara ya pili.

La pili ndo baya. Nilijikuta nina haraka ya kusafishwa. Nilitaka kumpigia Ma mdogo, nimpigie dada, nipigie kijiji kizima niwaambie jamani sina. Halafu nikajiuliza, huu ufedhuli wa nini? Tangu mwaka 2004 dawa zianze kutolewa bure watu wameinuka vitandani, jirani yetu wa upande wa chini ana miaka kumi na tisa kwenye dawa na analima kuliko mimi, watoto wake wawili wako chuo. Mama alipoamini ninao hakunitenga, hakunibadilishia kikombe, hakuniuliza nimeutoa wapi. Aliuliza swali moja tu, unameza kwa wakati. Mtu aliyebeba hofu hiyo miaka thelathini na zaidi, ikamjia tena mlangoni, akaipokea kwa swali moja la kawaida kabisa. Na mimi mwenye sukari nilijificha miezi mitano kwa sababu ya utani wa baa.

Kwa hiyo kila nikishika simu naona aibu, na aibu yenyewe sio ile iliyonifanya nishike simu.

Wakati huo yeye anapiga kila Jumapili. Umekula? Umemeza? Nakula mama, nameza. Kila "nameza" nadanganya na kusema kweli kwa pumzi moja. Kuna Jumapili akaniambia Ma mdogo ameniwekea nia ya misa. Nikasema mshukuru sana.

Pasaka

Mke wangu ndo aliyesema nenda, haya mambo hayasemwi kwenye simu, akatoa kipimo kwenye droo yake akaniwekea begini na boksi la vijiti hamsini. Mwenyewe alibaki na watoto, shule. Nikapanda basi, safari ya kuvunja kiuno ileile.

Jumamosi kuu asubuhi nikamkalisha mama uani nikampa pakiti za dawa, safari hii hazijabanduliwa. Mama anasoma. Akavaa miwani akasoma jina herufi kwa herufi, akageuza nyuma, akageuza mbele. Nikamwambia mama hizi ndo zilikuwa kwenye kopo. Ni za sukari. Nimepungua kwa kupunguza chakula na kutembea, daktari kaniambia nipungue, na hivi majuzi kanipunguzia dozi.

Akaniangalia kwa juu ya miwani.

"Sukari."

Sukari mama.

"Wewe unapunguza chakula kwa makusudi. Kipo na huli."

Ndio mama.

Hilo naona lilimshinda kulielewa kuliko ugonjwa wenyewe. Akakaa nalo. Nikatoa kipimo nikajitoboa kidole mbele yake, 5.9. Nikamweleza mwanzo ilikuwa 9. Akanyoosha mkono wake bila kuambiwa. "Nipime na mimi."

Mama ana miaka 71. Anakula ndizi mchana, ndizi usiku, chai yake ukiionja unaweza kudhani ni asali. Nilikuwa naogopa jamani, mkono ulinitetemeka kuliko nilipojipima mwenyewe. Kikahesabu, tano, nne, tatu.

5.3.

Alicheka! Miaka sijamsikia akicheka vile, akapiga mapaja, akaita mpaka jirani. "Kwa hiyo huu ugonjwa ni wa Dar! Mimi nimekula ndizi miaka sabini, kalale huko na chipsi zenu." Nikajaribu kumweleza kwamba yeye analima tangu saa kumi na mbili, mimi nakaa kwenye kiti saa tisa, haisikii hiyo. Basi ukawa mchezo, majirani wakaja na vidole, nikatumia vijiti ishirini na kitu, mzee mmoja akasoma 14 na uani pakanyamaza kidogo, tukaongea naye pembeni na Jumanne mwanae akampeleka hospitali. Ma mdogo nilimwamkia nikamwambia lete kidole Ma mdogo. Akakataa. Akasema yeye akitaka kujua atajua, na kwamba ile misa imeshalipiwa haiwezi kurudishwa.

Sijui kama mama ameamini. Nasema kweli, sijui. Usiku alikuja tena na kigoda chake, akakaa, akaniuliza tena dawa unameza kwa wakati, na sauti ilikuwa ileile ya Desemba. Nikasema nameza. Akaniuliza baba yako unamkumbuka? Nikamwambia nilikuwa nashika tochi.

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani kasinzia.

"Ulikuwa unaitikisa," akasema. "Alikuwa anakukaripia utulie."

Asubuhi ya kuondoka nimeshavaa, begi liko mlangoni, akanyoosha mkono. "Huo mkanda niachie."

Mama, nitasafiri na nini?

"Kanunue mwingine huko. Wa saizi yako. Wenye matundu ya dukani."

Akaingia kibanjani akarudi na ugwe wa mgomba mkavu, akausokota kwenye paja vidakika viwili akanipa. Nikafunga suruali kwa ugwe, nikachomoa shati nje kuficha, nikapanda basi. Bukoba mpaka Dar nimefungwa kamba kama mzigo, kila tukishuka kuchimba dawa nafungua fundo gizani nasali lisije kukatika.

Mke wangu alinipokea stendi ya Magufuli. Mimi nina mkungu begani, mkono ukapanda, shati likapanda nalo. Akaangalia kiunoni. Akaniangalia usoni.

"Na mkanda umemwachia nani?"